Jiwe la Lugalo
Hotuba fupi kwa niaba ya wazee wa jumuiya, sherehe za Uhuru, Maskati, 9 Desemba



Tukisikia Lugalo, wengi wetu tunafikiria kambi ya jeshi na hospitali kule Dar es Salaam. Ile imepewa jina tu. Lugalo yenyewe iko Iringa, kando ya barabara iendayo Morogoro, na hapo pana mnara wa mawe. Tulipopita likizo iliyopita, mtoto mmoja alituuliza, "Huyu ndiye aliyeshinda?" Tulinyamaza kidogo, maana jibu ni hapana.

Mnara ule waliujenga Wajerumani kumkumbuka kamanda wao, Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo. Tarehe 17 Agosti 1891 alikuwa akiongoza msafara mrefu kuingia Uhehe. Wapiganaji wa Mtwa Mkwawa, wengi wao wakiwa na mikuki tu, walijificha vichakani, wakauvamia kabla watu hawajawahi kujipanga. Zelewski aliuawa, na pamoja naye Wajerumani wengine na mamia ya askari na wapagazi.

Sisi wa Maskati jina hilo linatuhusu zaidi. Agosti 1888 Zelewski huyohuyo alikuwa Pangani, wakala wa kampuni ya Kijerumani. Aliishusha bendera ya Sultani Khalifa bin Said, akaingia msikitini na viatu. Pwani ikawaka moto, Bushiri bin Salim akasimama kuwaongoza watu, hata akanyongwa hapohapo Pangani Desemba 1889. Humu ukumbini wamo ambao babu zao walitoka Pangani. Wao hawahitaji kusimuliwa na sisi. Mpwani na Mhehe hawakuwa wakijuana, lakini aliyewajia alikuwa mtu mmoja.

Mkwawa naye hakudumu. Ngome yake ya Kalenga ilitekwa 1894, na Julai 1898 alijipiga risasi asikamatwe hai. Fuvu lake lilidaiwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudishwa 1954, miaka 7 kabla ya uhuru wetu.

Watoto wetu wanazijua ngome za Mirani na Jalali, wanazipita kila wakienda Maskati ya zamani. Wameambiwa shuleni kwamba Wareno walizijenga na Waomani wakaziteka 1650. Jiwe la aliyeshindwa, masimulizi ya aliyeshinda. Ya Lugalo nani atawasimulia? Hatusemi mnara ubomolewe. Tunasema mzazi asimame pale na mwanawe, alitaje jina ambalo mnara haukujengwa kwa ajili yake.

Mnaokwenda nyumbani likizo ijayo, mkipanda basi la Iringa mwambieni konda mapema, vinginevyo mtapitishwa. Halafu endeleeni hadi Kalenga, si mbali na mjini, kwenye makumbusho lilipo fuvu. Wadogo wanaoogopa wabaki nje na mama zao.