Wimbo Hauna Mizani

Uzi wa leo ni mazungumzo niliyotoa kwa vijana wenzangu pale Litein. Nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema. Sheria ya uzi huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachambua hoja.



Kampeni zikikaribia, kuna hoja mbili za wasanii hazikosi jukwaani. Mmoja anasema: maharamia wanaua muziki wetu, tutawakamata wote. Mwingine anasema: huyo kijana wa laptopu anajitafutia, mwacheni alishe watoto. Wote wawili wanapigiwa makofi, na pengine na watu walewale. Mimi leo nataka tuulize swali ambalo wote wawili wanalikwepa. Wimbo ukitumika, nani anahesabu?

Kijana wa laptopu tunamjua. Ana kibanda karibu na stendi, iwe Litein, Sotik au Bomet mjini. Unampa simu, anakujazia memori kadi nyimbo za Kikalenjin, injili kidogo, na muvi mbili tatu. Unalipa shilingi chache, unapanda matatu. Kisheria hapo hakuna utata. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kunakili kazi ya mtu na kuiuza bila ruhusa yake ni kosa. Na msidanganywe eti kwa sababu msanii hakusajili wimbo basi ni wa kila mtu. Haki inaanza pale kazi inaporekodiwa au kuandikwa.

Lakini semeni ukweli, kuna duka gani lingine hapa ambalo mzee wa kijijini ataenda kununua nyimbo za Kipsigis? Maduka ya kaseti yalifungwa. CD nazo zikapita. Enzi za CD, angalau Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ilikuwa na stika ya kubandika kwenye kava ili mnunuzi ajue hii ni halali. Sasa memori kadi iliyo ndogo kuliko ukucha, stika utaibandika wapi?

Hebu twende kwenye kituo cha majani chai. Mama anafika na gunia mgongoni. Majani yanapimwa, karani anaandika kilo, mama anapewa risiti. Mwisho wa mwezi analipwa kwa kilo, na mwaka ukiisha anangoja bonasi. Sisi wa Kericho na Bomet tunalalamika kila mwaka kwamba bonasi yetu iko chini kuliko ya wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa. Malalamiko hayo yana nguvu kwa nini? Kwa sababu kilo zinajulikana. Hakuna anayeweza kumwambia mama kwamba hakuleta majani. Ubishi ni wa bei na wa makato.

Muziki nao uko na sehemu moja ambapo mizani ipo. Ni Skiza, ile huduma ya Safaricom ya nyimbo anazosikia mtu akikupigia. Kila anayejiunga anaonekana kwenye kompyuta, na kila shilingi anayokatwa inaonekana. Kwa hivyo ubishi ulipofika Bungeni haukuwa kama nyimbo zimetumika au la. Ulikuwa nani achukue ngapi. Marekebisho ya sheria ya 2019 yakaandika wazi: mwenye wimbo asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, wakala wa katikati 8.5. Mwaka 2022 sheria ikafunguliwa tena, na mgao huo ukawa mada tena. Unaweza kuona asilimia hizo ni ndogo au ni kubwa. Lakini mnaona tofauti? Mahali penye mizani, siasa inakuwa ya hesabu.

Sasa linganisheni na redio, hoteli na matatu. Hao hulipa leseni ya kucheza muziki, na pesa hukusanywa na vyama vya wasanii. Mwaka 2019 chama cha MCSK kilitoa mgao wa jumla wa Sh2,530 kwa mwanachama. Mgao wa jumla maana yake ni kwamba anayechezwa kutwa nzima na anayechezwa mara moja kwa mwaka wanapata sawa. Ingekuwa kwenye chai, mama wa gunia tatu na jirani wa kikapu kimoja wangelipwa sawa, na kiwanda kingefungwa kesho yake! Hata mlango wa kudai wenyewe umekuwa ukihama. Mwaka 2017 KECOBO iliinyima MCSK leseni ikaipa MPAKE, na mambo yakaishia kortini.

Na mtandaoni je? Marekebisho yaleyale ya 2019 yalimpa mwenye kazi haki ya kuiandikia kampuni ya intaneti notisi, nayo izuie kazi iliyoibwa ndani ya saa 48 za kazi. Ni kifungu kizuri. MultiChoice walipeleka Safaricom na Jamii Telecom hadi Mahakama Kuu kwa sababu ya tovuti zinazorusha mechi bila idhini. Wao wana mawakili. Mwimbaji wa Silibwet aliyekopa pesa akaenda studio, atatoa wapi wakili wa kuwinda nakala zake?

Na msidhani haya yameletwa na intaneti. Hapo Kapkatet, mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Kipsigis zinazoitwa Chemirocha. Jina lenyewe ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, vile lilivyotamkwa na wazee wetu baada ya kusikia santuri zake. Hawakuiba wimbo wake. Walichukua jina wakatunga vyao. Rekodi zikawekwa kwenye maktaba ya muziki ya Tracey huko Afrika Kusini, zikatoka kwenye sahani, baadaye zikaingia intaneti, dunia ikazisikiliza. Mwaka 2014 ndipo maktaba hiyo, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, ilipozirudisha Kapkatet. Miaka 64! Sheria yetu inalinda rekodi ya sauti kwa miaka 50, kwa hivyo ulinzi wake ulikuwa umeisha tangu mwisho wa 2000. Hapo hakukuwa na haramia wala kibanda. Kulikuwa na mtaalamu na maktaba yenye heshima. Kilichokosekana ni daftari la kuonyesha wimbo umefika wapi na umeleta nini.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kijana wa laptopu anauza shamba la mwenyewe bila kumgawia, na hilo si haki hata kama ana njaa. Lakini ukimkamata leo, msanii hapati hata ndururu, na msikilizaji anakosa duka. Afadhali apewe leseni ya bei nafuu ya kaunti au ya KECOBO, na sharti moja: laptopu iandike kila wimbo anaonakili. Tumgeuze awe karani wa kituo.

Mtaniuliza, na akidanganya? Hata kwenye chai kuna karani anayeiba kilo. Lakini tunamshika kwa sababu mama ana risiti. Bila risiti, ni neno lake dhidi ya neno la mama.

Katiba, kifungu cha 40(5), inasema serikali italinda haki za ubunifu za watu wa Kenya. Kwa hivyo anayekuja kuomba kura akitaja wasanii, muulizeni mambo matatu. Nyimbo zitahesabiwa vipi redioni, kwenye matatu na kwenye vibanda? Hesabu hiyo msanii ataiona wapi, na lini? Na akionewa, atadai wapi bila kulipia nauli ya Nairobi na wakili?

Akijibu kwa kusema atakamata watu, mwambieni hilo tumelisikia. Sisi tunauliza habari ya mizani.