Mti Mkubwa Hauuzwi kwa Macho

Mazungumzo na wakazi wa pembezoni mwa Kinondoni na Temeke kuhusu uuzaji wa miti ya mbao iliyo viwanjani mwao

  

Mara nyingi taasisi yetu inapofika mitaani huzungumza na mnunuzi: mama anayepimiwa sukari, au baba anayenunua nondo za kujengea. Leo tumekuja kuzungumza na muuzaji. Katika biashara ya mti uliosimama kiwanjani mambo hugeuka: mnunuzi ndiye mjuzi wa bidhaa, na mwenye mali ndiye asiyejua kiasi cha anachokiuza.

Maeneo yetu, kuanzia Bunju, Mabwepande na Madale hadi Mbagala, Chamazi na Toangoma, yalikuwa mashamba kabla ya kuwa viwanja. Ndiyo maana hadi leo utakuta mvule, mkongo, mwembe au mfenesi mkubwa nyuma ya nyumba, na kwingine mitiki iliyopandwa na wazazi. Siku moja dalali hubisha hodi. Huutazama mti, hutaja kiasi, na huahidi kulipa fedha taslimu siku hiyohiyo. Mwenye nyumba hukumbuka ada ya shule au chumba kilichokwama kwenye lenta, naye hukubali. Bei hiyo imetajwa kwa mti mmoja, haikutajwa kwa ujazo wa mbao uliomo. Hapo ndipo hasara inapoanzia, na haina marekebisho, kwa kuwa mti uliokua kwa miaka mingi hauuzwi mara mbili.

Neno letu la leo ni moja: pima kabla ya kupatana.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Chukua utepe wa kupimia, hata ule wa fundi cherehani. Zungusha kwenye shina katika kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, uandike mzunguko. Kisha kadiria urefu wa shina kuanzia chini hadi tawi kubwa la kwanza: simamisha mti wa mita 2 pembeni ya shina, rudi nyuma hatua kadhaa, uhesabu ungeingia mara ngapi. Sasa zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, kisha gawanya kwa 12.57. Vipimo vyote viwe katika mita. Jibu litakuwa mita za ujazo.

Tuchukue mfano. Shina lina mzunguko wa mita 2.4 na urefu wa mita 5. Mara 2.4 kwa 2.4 ni 5.76, mara 5 ni 28.8, ukigawanya kwa 12.57 unapata takriban mita za ujazo 2.3. Jirani ana mti wenye urefu uleule, lakini mzunguko wake ni mita 1.2. Macho yatasema mti wa jirani ni nusu ya huu. Hesabu inasema una mita za ujazo 0.57 tu, yaani robo. Mzunguko ukiongezeka mara mbili, mbao huongezeka mara nne. Kwa hiyo mwenye kuuza miti mikubwa kwa bei ya "mti mmoja mmoja" ndiye anayeumia kuliko wote, na mnunuzi mzoefu analijua hilo vizuri.

Haki ina pande mbili, kwa hiyo tumtazame na mnunuzi. Shina huwa jembamba kadiri linavyopanda, hivyo kipimo cha kifuani huzidisha kidogo. Gogo likishalala chini, pimeni tena mzunguko katikati yake. Ukiwa mita 2.2, ujazo halisi utakuwa takriban mita 1.9. Aidha, si gogo lote linalogeuka mbao; sehemu kubwa huishia kuwa mabanzi na unga wa mbao. Kuna pia kasoro zilizofichika. Gonga shina kwa nyuma ya shoka. Likilia kama ngoma, huenda ndani mna pango. Mvule huweza kuwa na mawe meupe ndani yake yanayovunja meno ya msumeno. Miti ya viwanjani nayo hubeba misumari ya kamba za nguo na ya mabango ya matangazo. Mnunuzi anayetaja kasoro hizi kupunguza bei hakuonei, mradi akuonyeshe kasoro yenyewe.

Bei utaijuaje? Nenda Keko au Buguruni ukaulize mbao za aina ya mti wako zinauzwaje. Mbao ya inchi 2 kwa 6 yenye urefu wa futi 12 ina futi moja kamili ya ujazo, na mita moja ya ujazo ni takriban futi 35 za ujazo. Tukisema, kwa mfano tu, kwamba nusu ya lile gogo la mita 1.9 itapotea katika kupasua, kinachobaki ni sawa na mbao 33 hivi za kipimo hicho. Zidisha kwa bei ya dukani, kisha ondoa gharama za kukata, kupasua, kusafirisha, vibali na faida ya mfanyabiashara. Kitakachobaki si bei ya lazima, lakini ni msingi wa mazungumzo. Ukitajiwa sehemu ndogo mno ya kiasi hicho, utakuwa na sababu ya kusema hapana.

Jambo jingine ni kuwaita wanunuzi wasiopungua watatu. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, huuza mitiki ya mashamba ya Longuza kule Muheza na ya Mtibwa mkoani Morogoro kwa mnada. Ikiwa Serikali yenyewe huwashindanisha wanunuzi, mwenye mti mmoja Chamazi ana sababu gani ya kumsikiliza dalali mmoja tu?

Kabla ya msumeno kuwashwa, kuna maswali mawili ya sheria. La kwanza: mti ni wa nani? Mpangaji hawezi kuuza mti wa mwenye nyumba. Mti wa mpakani unahitaji ridhaa ya jirani. Kiwanja cha mirathi ambayo haijagawanywa kinahitaji warithi wakubaliane, tena kwa maandishi. Ugomvi mwingi wa ndugu huanza na mali iliyouzwa na mmoja wao wakati wengine wako safarini.

La pili: ruhusa iko wapi? Uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu unasimamiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kwa miti ya asili kama mvule, mninga, mkongo na mpingo, kumiliki kiwanja pekee hakutoshi. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, kisha umwone ofisa misitu wa manispaa au ofisi ya TFS, uulize kibali na ada zinazohusika. Magogo au mbao zikiwa barabarani lazima ziambatane na hati ya kusafirishia. Mnunuzi akikwambia, "Hayo niachie mimi," mwombe akuonyeshe kibali chenyewe kabla ya kukata. Mti ukiwa karibu na nyaya za umeme, TANESCO waarifiwe kwanza.

Baada ya hapo, andikianeni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja inatosha, yenye mambo haya:

1. Majina na sahihi za muuzaji, mnunuzi na mashahidi.
2. Aina na idadi ya miti, pamoja na mzunguko wa kila mmoja. Miti inayouzwa itiwe alama ya rangi.
3. Bei kwa mita ya ujazo, au bei ya jumla pamoja na ujazo uliokadiriwa.
4. Nani analipia vibali, ukataji na usafirishaji.
5. Nani anachukua matawi na mabanzi, na nani anaondoa kisiki.
6. Nani atalipa ukuta, paa au bomba la maji likivunjwa.
7. Siku ya mwisho ya kukata na kuondoa magogo.

Malipo yote, au sehemu kubwa mliyokubaliana, yafanyike kabla ya mti kuanguka. Mti uliosimama unaweza kusubiri mnunuzi mwingine. Uliolala unaanza kuharibika, na mwenye fedha anajua kwamba huna tena pa kukimbilia. Ukilipwa kwa simu, tunza ujumbe wa muamala. Ukiwa na shaka kuhusu kipimo kinachotumiwa na mnunuzi, fika ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wako. Ukiona umedanganywa, peleka malalamiko mapema, ukiwa na ile karatasi na picha za kisiki na magogo.

Hatukuja kuwaambia msiuze, wala kuwaambia wafanyabiashara wa mbao ni watu wabaya. Wengi wao hupata riziki ya halali, na samani zao zimo majumbani mwetu. Tunachoomba ni kwamba pande zote mbili zikae mezani zikijua kitu kilekile. Kwa hiyo mtakaporudi nyumbani leo, kabla hata ya kufikiria kuuza, zungusheni utepe kwenye shina na kuandika namba mtakayoipata. Dalali atakapobisha hodi, namba hiyo iwe tayari daftarini.