Kabla ya Kumpeleka Daktari Wetu: Namna ya Kupima Mafunzo ya Upasuaji wa Ubongo

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya wajumbe wa bodi za hospitali na madaktari vijana



Mada niliyopewa ni namna ya kutambua kituo kizuri cha kufundishia madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuratibu miradi, na sehemu ya kazi hiyo ni kusoma maombi ya ufadhili wa masomo. Basi ninazungumza kwa niaba ya wanaolipa ada na wanaomsubiri mtaalamu arudi.

Sote tunajua kwa nini tunamhitaji. Ajali za bodaboda zinatuletea majeruhi wa kichwa. Wapo watoto wanaozaliwa na mgongo wazi, na wengine wenye kichwa kikubwa kwa sababu ya maji kujaa katika ubongo. Mtoto wa namna hiyo akicheleweshwa, ubongo huharibika hata kama maisha yake yataokolewa. Mafunzo yenyewe ni marefu. Nchini Marekani ni miaka saba baada ya shahada ya udaktari. Kwa hiyo tukimpeleka mtu mahali pasipofaa, hatupotezi ada peke yake. Tunapoteza miaka yote hiyo, na anayeumia ni mgonjwa.

Waombaji wengi hueleza kwamba wamechagua kituo fulani kwa kuwa kina jina kubwa na mashine za kisasa. Hayo ni mambo mema, lakini mashine hazimfundishi mtu. Ninapendekeza tuulize maswali matano.

Swali la kwanza: Nani anashika kisu? Hospitali inaweza kufanya upasuaji mwingi sana kwa mwaka, na mwanafunzi akamaliza mafunzo akiwa ameshika vifaa tu na kutazama. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, yaani COSECSA, kilianzishwa mwaka 1999 na ofisi zake ziko Arusha. Chuo hiki hufundisha ndani ya hospitali zilizokaguliwa na kukubaliwa, na mwanafunzi huweka kumbukumbu ya kila upasuaji anaoshiriki. Kumbukumbu hiyo ndiyo tuombe kuiona. Tusiridhike na jumla. Tuangalie alisaidia mara ngapi, alifanya chini ya usimamizi mara ngapi, na kama kazi aliyokabidhiwa iliongezeka mwaka hadi mwaka. Anayefanya peke yake tangu mwezi wa kwanza yuko hatarini sawa na yule asiyefanya kamwe.

Swali la pili: Usiku nani yupo? Majeruhi wa kichwa hachagui saa. Mchana kila kituo kinaonekana kizuri, maprofesa wapo na wageni wanatembezwa. Tuulize saa nane ya usiku mwanafunzi akikwama, anampigia simu nani, na huyo anakuja baada ya muda gani. Tuulize pia anapokewa vipi. Ikiwa anayepiga simu hutukanwa au kuchekwa kesho yake mbele ya wenzake, hatapiga tena. Atakisia, na mgonjwa ndiye atakayebeba mzigo wa makisio hayo.

Swali la tatu: Mgonjwa akifa, kinafuata nini? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Harvey Cushing, Mmarekani aliyeweka msingi wa fani hii, alipokuwa mwanafunzi Harvard katika miaka ya 1890 alifiwa na mgonjwa aliyekuwa akimpa dawa ya usingizi. Yeye na mwenzake Ernest Codman wakaanza kuandika mwenendo wa mgonjwa katika karatasi maalumu wakati wote wa upasuaji. Mwaka 1932 Cushing alichapisha taarifa ya wagonjwa 2,000 wenye uvimbe wa ubongo uliothibitishwa, akaweka humo asilimia ya waliokufa kutokana na upasuaji. Alijulikana pia kwa ukali kwa wasaidizi wake, na hilo si la kuiga. La kuiga ni kuhesabu vifo hadharani.

Kituo kizuri kina kikao cha kila wiki au kila mwezi cha kujadili vifo na madhara. Lakini kuwepo kwa kikao hakutoshi. Tuulize kama vifo vya wagonjwa wa mkuu wa idara navyo huletwa mezani, au ni vya wadogo tu. Tuulize ni utaratibu gani uliobadilishwa baada ya kikao cha mwisho. Mahali ambapo mdogo ndiye hulaumiwa siku zote, watu hujifunza kuficha, na mwanafunzi wetu atarudi na tabia hiyo.

Swali la nne: Anapumzika lini? Mwaka 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York akihudumiwa na madaktari wa mafunzo waliokuwa na zamu ndefu na wagonjwa wengi. Baba yake hakunyamaza, na mwaka 1989 jimbo hilo likaweka kikomo cha saa za kazi. Mwaka 2003 Marekani nzima ikaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne. Saa 80 bado ni nyingi mno, na wapo wanaodai kuwa mpasuaji wa ubongo hawezi kuiva kwa saa chache zaidi. Mjadala huo tuwaachie wenyewe. Sisi tuangalie kama saa zinazoandikwa ni za kweli. Kituo kinachomfanya mwanafunzi aandike uongo kwenye karatasi ya zamu kinamzoeza kuandika uongo kwenye faili la mgonjwa.

Swali la tano: Waliohitimu wako wapi, nao wanamfundisha nani? Hapa tuna mifano ya karibu. Katika Hospitali ya CURE huko Mbale, Uganda, Dkt. Benjamin Warf alibuni njia ya kuwatibu watoto wenye kichwa kikubwa bila kuwawekea mrija wa kudumu, kwa kuwa mrija ukiziba kijijini mtoto anaweza kufa kabla ya kufikishwa hospitali. Utafiti uliofanyika hapo kwa watoto 100 na kuchapishwa mwaka 2017 haukuonyesha tofauti kubwa ya maendeleo ya akili kati ya njia hizo mbili baada ya mwaka mmoja. Hayo ni mafunzo yanayotazama mgonjwa atarudi kuishi wapi.

Mfano wa pili ni Hospitali yetu ya Kilutheri ya Haydom, Manyara. Mwaka 2006 alifika Dkt. Dilan Ellegala kutoka Marekani, akaona kwamba akipasua yeye tu, kazi itakoma siku ya kuondoka kwake. Akamfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi, naye Mayegga akamfundisha mwenzake. Wapo waliohoji kumfundisha asiye bingwa kazi nzito kama hiyo, na hoja yao ina uzito, ndiyo maana tunatafuta ubingwa kamili. Lakini swali la Haydom tulibebe popote: anayefundishwa leo atamfundisha nani kesho?

Mwisho, namna ya kuuliza. Tusiulize mbele ya mkuu wa idara, wala tusiulize, "Je, mnafurahi hapa?" Kila mtu atajibu ndiyo. Tumuulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, "Mara ya mwisho ulipomwita bingwa usiku, alisema nini?" Tuwaulize wauguzi wa chumba cha upasuaji, maana wao huona yote. Tuwatafute walioacha mafunzo kabla ya kumaliza, tusikie sababu zao. Na tukisikia wakubwa wakijisifu, "Sisi tuliteswa, nao wateswe," tujue kwamba hapo mateso yamechukua nafasi ya mtaala.

Ndugu wajumbe, napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mwombaji akae angalau wiki moja, mchana na usiku, katika kituo anachokichagua, kisha atuletee majibu ya maswali haya kwa maandishi. Pili, nasi tujiulize maswali hayohayo kuhusu hospitali zetu. Daktari aliyefundishwa vizuri akirudi akakuta makosa yanafichwa na simu za usiku hazipokelewi, hatakaa, na tutakuwa tumesomesha kwa ajili ya wengine.