MWENDO WA GARI HUAMULIWA NA BARABARA

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya Masheha, watumishi wa Serikali na wakaazi wa Michenzani)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya kazi ya mhandisi wa usalama barabarani katika serikali za mitaa, yaani mtu ambaye dhamana yake ni kuhakikisha kwamba magari yanapita kwa mwendo usiodhuru. Mimi si mhandisi. Ni afisa habari. Kwa miaka mingi fungu langu katika jambo hili limekuwa ni kuandika matangazo ya kuwaomba madereva wapunguze mwendo. Leo napenda kueleza kwa nini tangazo pekee halitoshi.

Mtoto wa jirani yangu, aliyekuwa akienda chuoni alasiri na juzuu yake mkononi, aligongwa na gari alipokuwa akivuka. Alhamdulillahi yu hai, lakini mguu wake haukurudi kama ulivyokuwa. Tulipokwenda kumjulia hali, mzee mmoja alisema kwa nia njema kwamba dereva hakuwa na mwendo mkubwa, alikuwa na hamsini tu. Neno hilo "tu" ndilo nililolipeleka kwa mhandisi.

Alinijibu kwa hesabu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata takriban mita 14 kwa kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, hupita kiasi cha sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Hivyo mita 14 zimekwisha naye hajapunguza chochote. Akifunga breki sawasawa juu ya lami kavu, husimama baada ya mita 28 hivi. Lakini gari liendalo kilomita 30 husimama baada ya mita 13. Maana yake ni kwamba mahali ambapo gari la 30 limekwisha kusimama, gari la 50 breki zake bado hazijaanza kushika. Na nguvu ya pigo kutoka 30 hadi 50 huongezeka karibu mara tatu. Kwa sababu hiyo mkutano wa mawaziri wa nchi mbalimbali uliofanyika Stockholm, Sweden, Februari 2020, ulihimiza mwendo usiozidi kilomita 30 katika sehemu ambazo watu na magari huchanganyika.

Ndugu wananchi, sasa tujiulize: kwa nini dereva yule yule huenda taratibu Mji Mkongwe na akafika hapa akakanyaga mafuta? Katika vichochoro vya Mji Mkongwe hakuhitajiki kibao. Kuta, pembe na watu humfanya mwenye vespa apunguze mwenyewe. Michenzani ni kinyume chake. Majumba yetu haya yalitokana na mpango wa mji wa mwaka 1968, uliotayarishwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Barabara pana zilizonyooka zilipasuliwa katikati ya Ng'ambo zikakutana kwenye kipilefti. Wakati ule magari yalikuwa machache. Leo ni mengi, na watu wanaovuka kwenda Darajani, skuli na misikitini ni wengi zaidi. Barabara pana iliyonyooka humruhusu dereva kukimbia hata kama kibao kinamkataza.

Kwa hiyo mhandisi haanzi na kibao. Huanza na kupima. Huweka alama mbili barabarani, baina yao mita 50, akashika saa. Gari linalopita kwa sekunde 6 lina mwendo wa 30. Linalopita kwa sekunde 3.6 lina 50. Hupima magari mengi, huyapanga kutoka la polepole hadi la kasi, kisha katika kila 100 hutazama mwendo wa gari la 85. Mwendo huo ukizidi sana ule uliowekwa, hujua kwamba barabara yenyewe ina kasoro. Hapo ndipo huipunguza upana, huinua kivuko, huweka kisiwa katikati ili mama mwenye mtoto avuke kwa awamu mbili, au hujenga tuta.

Na hapa ndipo penye ugomvi. Wakaazi hudai matuta kila mahali. Madereva wa daladala hulalamika kwamba springi zinakatika na safari zinapungua. Gari la wagonjwa nalo linataka kufika Mnazi Mmoja upesi. Wote wana haki. Mhandisi hulazimika kuzipima haki hizo, na mara nyingi hakuna anayemshukuru, kwani ajali iliyozuilika haionekani. Tuta la kitaalamu, lililofanyiwa majaribio Uingereza katika miaka ya 1970, lina kimo cha sentimita 10 na upana wa mita 3.7, ili gari lipande na kushuka bila ya kuruka. Tuta la kifusi linalowekwa na vijana usiku, lisilo na rangi wala kibao, humwangusha mwenye pikipiki asiye na kosa.

Kwa hivyo, tunaombwa yafuatayo:

1. Wananchi wasijenge matuta wenyewe. Wenye malalamiko wayapeleke kwa Sheha, wakitaja mahali na saa ambazo hatari huzidi.

2. Wafanyabiashara wasipange bidhaa kwenye njia za waendao kwa miguu, kwani mtu aliyezibiwa njia hushuka barabarani.

3. Madereva wa magari ya Serikali wawe mfano, hasa jioni za Ramadhani karibu na kufuturu, na siku za Sikukuu watoto wanapokwenda Mnazi Mmoja.

Ombi la tatu natuhimiza sisi watumishi kwanza. Hatuwezi kumtaka dereva wa daladala apunguze mwendo ilhali gari la ofisi limempita.

Wahenga walisema, kawia ufike. Baina ya mwendo wa 30 na wa 50, kilomita moja hutofautiana kwa chini ya dakika moja. Jirani yangu mdogo angali anachechemea kwenda chuoni. Tusikubali tena kusema "hamsini tu".