Soko Huria na Nguo za Mitumba



Katika mambo ya uchumi hakuna neno linalohubiriwa kwa bidii kuliko soko huria. Nchi tajiri hutuambia kwamba bidhaa ziachwe zivuke mipaka bila kizuizi, na kwamba nchi inayojiwekea kinga hujidhuru yenyewe. Leo tutayapima maneno hayo kwa mambo yaliyotokea hapa Afrika Mashariki.

Mnamo Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakaafikiana kwamba uingizaji wa nguo na viatu vya mitumba, au mivumba kama isemwavyo Uganda, ukomeshwe ndani ya miaka mitatu. Shabaha ilikuwa kufufua viwanda vya nguo. Msikilizaji aliye Jinja anakijua kiwanda cha Nytil; nacho kimewatengenezea sare askari wa jeshi na wa polisi. Msikilizaji aliye Malukhu, kwenye viwanda vya Mbale, anakumbuka kwamba mji ule nao ulikuwa na kiwanda chake cha nguo. Pamba haikuagizwa ng'ambo. Ililimwa Teso, Bukedi na Busoga.

Haki isemwe: si mitumba iliyoanza kuviangusha viwanda hivyo. Mavuno ya pamba ya Uganda, yaliyozidi marobota 400,000 mwaka 1970, yaliporomoka wakati wa Idi Amin na wa vita vilivyofuata. Lakini kuanguka ni jambo moja, na kuzuiwa kuinuka ni jambo jingine.

Je, baada ya Arusha kulitokea nini? Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kililalamika mbele ya serikali yao, nayo ikaanza kuchunguza kama nchi zetu bado zinastahili kuuza bidhaa kule bila ushuru, chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Kenya ikarudi nyuma mapema. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda, iliyokwisha kupandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola mbili na nusu kwa kilo, ilishika msimamo wake. Na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi hiyo.

Sasa tuwatazame wahubiri wenyewe. Mwaka 1721 Uingereza ilitunga sheria ya kuwakataza watu wake kuvaa vitambaa vya pamba vyenye maua, ili kuwakinga wafumaji wake na ushindani wa India. Tena kuanzia mwaka 1974, Marekani na nchi za Ulaya Magharibi ziliwekea kipimo nguo zilizotoka nchi maskini, na mpango huo haukuisha kabisa mpaka mwishoni mwa 2004. Zaidi ya miaka 30! Ni nchi gani maskini iliyoweza kuwaadhibu?

Wapo watakaouliza: mke wa konstebo mwenye watoto wanne atawavisha nini, ikiwa nguo mpya ni ghali? Swali hilo ni la haki, na wauzaji wa mitumba nao ni wananchi wanaotafuta riziki. Hata miaka mitatu yawezekana ilikuwa michache mno. Lakini uzito wa swali hilo ulipaswa kupimwa Kampala, Kigali na Dodoma, wala si na wenye maghala ya nguo kuukuu ng'ambo.

Agosti 2023, Rais Museveni akiwa Mbale, katika eneo jipya la viwanda linaloendeshwa kwa mitaji ya Wachina, alitangaza kwamba mitumba ni marufuku. Mitumba imeendelea kuingia. Na ile nafasi ya kuuza Marekani, ambayo kwa ajili yake Uganda ilirudi nyuma, Uganda iliondolewa tarehe 1 Januari 2024, kwa sababu zisizohusu nguo hata kidogo.