Siku Beni ilipopiga kura isiyohesabiwa

(Maneno yaliyosemwa Butembo mbele ya vikundi vya akiba na kamati za amani za mitaa.)

Mmeniomba niseme juu ya uchaguzi na amani. Nitasema, lakini nitaanza na kisanduku. Katika nyumba zetu nyingi, hapa Butembo na kule Beni, kuna kisanduku cha bati au begi ya zamani iliyofichwa chini ya kitanda. Ndani mna karatasi ya parsele, kadi za chanjo za watoto, pengine cheti cha ndoa, na karte ya uchaguzi. Karte ile ninyi mnajua kazi yake. Kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu: barabarani unaionyesha, hospitalini unaionyesha, kwenye mpaka wa Kasindi unaionyesha. Na ukienda kukopa franga kwa mtu, ndicho kitu cha kwanza anachokuomba.

Shikeni kisanduku hicho akilini, tutakirudia.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku moja baada ya Noeli, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba nchi nzima itapiga kura tarehe 30, isipokuwa mji wa Beni, teritware ya Beni, mji wa Butembo, na Yumbi kule Mai-Ndombe. Sisi tungengoja mpaka Machi 2019. Sababu tulizoambiwa ni Ebola na usalama. Ebola ilikuwepo, hakuna wa kukana: ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kuanzia Mangina, na ilipomalizika tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Na wauaji walikuwepo, tangu Oktoba 2014 tunazika. Lakini watu waliuliza: soko limefunguliwa, kanisa limejaa, wanasiasa wamekuja kufanya kampeni na tumesongamana kuwasikiliza, kwa nini ugonjwa uko kwenye sanduku la kura peke yake?

Kibaya zaidi kilikuwa hesabu ya siku. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Kura ya Machi ilikuwa ya wabunge tu. Wachaguzi waliowekwa pembeni, tukihesabu na wale wa Yumbi, walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Matokeo rasmi yalimpa wa kwanza kura 7,051,013 na wa pili 6,366,732. Toeni wenyewe: tofauti haifiki 700,000. Sisemi kwamba tungegeuza matokeo. Nchini kote hata nusu ya walioandikishwa haikufika kupiga kura, na kwetu pia wengi wangebaki nyumbani. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu atakayejua kamwe, na kutojua huko ndiko kunakokaa moyoni kama kidonda. (Mkubwa wa tume wakati ule, Bwana Corneille Nangaa, Desemba 2023 alitangaza muungano wake wa waasi. Na hilo nalo lina la kutufundisha, lakini si leo.)

Tarehe 27 vijana wa Beni walitoka barabarani, na kituo cha wagonjwa wa Ebola kilivamiwa, wagonjwa wakakimbia. Tarehe 30, siku ile Kinshasa na Goma wanapiga kura, watu wa Beni walijipangia uchaguzi wao wenyewe. Nilikuwa Beni. Nilikuwa nimetumwa kuomba watu wakae nyumbani wasije wakapigwa risasi. Nilisema maneno yangu asubuhi, na hakuna aliyenisikiliza, basi nikakaa nikasikiliza mimi.

Nawaambia nilichoona. Watu walipanga mstari tangu mapema. Maelfu. Mbele ya mstari kulikuwa na maji ya kunawa mikono, na kila mtu alinawa, kwa sababu walitaka dunia ione kwamba mtu anaweza kupiga kura na kujikinga na Ebola kwa wakati mmoja. Karatasi za kura zilitengenezwa na vijana. Hakuna aliyesukuma mwenzake. Nimeona chaguzi za 2006 na 2011, sijaona mstari uliotulia namna ile.

Nilitembea kwenye mstari nikiuliza watu wanafikiri nini. Mnajua kazi yetu sisi watu wa amani, tunapenda kuuliza halafu tunaandika ripoti. Nilitegemea kusikia juu ya wagombea. Nilisikia kidogo. Kijana mmoja wa motari alisema anataka mtu yeyote asiye wa wale waliokuwepo. Mwalimu mmoja alisema kura hii itapigwa picha, na picha itafika mbali kuliko sanduku. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kando alikataa kabisa kuingia. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sichezi mchezo wa watoto na jambo ambalo wenzangu wamelifia." Nilifikiri ana haki, na mpaka leo sijui kama hakuwa na haki.

Lakini wengi walisema juu ya tumbo na nyumba. Wakulima walikuwa wameacha mashamba ya kakao kwa sababu ya kuuawa huko, na wengine wanavuna. Wachuuzi walisema barabara. Wenye nyumba waliopangisha walilalamika kwamba wapangaji hawalipi, wapangaji walilalamika kwamba watu wa kazi ya Ebola wamepandisha bei ya vyumba. Mtu mmoja aliniuliza: "Ebola inaniletea dola kwa wengine, mimi inanitoa kwenye uchaguzi na kwenye chumba. Hiyo ni ugonjwa au ni biashara?" Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hiyo ni uvumi. Haikuwa uvumi, yalikuwa maisha yake. Sisi wote tuliojibu vile tulivuna mwaka uliofuata: Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa, na tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, aliyekuja kututibu, aliuawa hapa hapa Butembo. Siwatetei waliofanya. Nasema tu kwamba mtu ambaye swali lake limekataliwa mlangoni hulipeleka kwa mwingine atakayelisikiliza, na yule mwingine pengine ana silaha.

Sasa yule mama. Katika mstari nilikutana na mama mmoja muuza samaki na mafuta ya mawese. Sitamtaja jina. Nilimuuliza, mama, karte yako iko wapi? Akacheka. Akasema karte iko kwa mtu aliyemkopesha, pamoja na karatasi ya parsele, tangu mwezi wa tano. "Hata wangepiga kura ya kweli leo," akasema, "mimi nisingepiga. Hii ya kwenu ndiyo peke yake ninayoweza." Shefu wa avenyu alimjua, akampitisha. Alinawa mikono, akaandika, akaenda sokoni.

Mimi nilikuwa na miaka mingi katika kazi hii na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mkopeshaji anaweza kumnyang'anya mtu kura yake bila kujua hata siku ya uchaguzi ni lini.

Nimeanza kuangalia jambo hilo tangu siku ile, na mwaka 2021 lilikuja mpaka kwetu. Mdogo wangu ni mfanyabiashara wa nguo. Alikopa dola 3,000 kwa mtu binafsi, kwa kile tunachokiita Banque Lambert, riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mtu anajua bei hiyo ni ya kuua, na kila mtu anaikubali, kwa sababu mwenye kukopesha hakuombi mradi wala mdhamini, anakupa siku hiyo hiyo. Anaomba gaji tu. Mzigo ulichomwa ndani ya lori kwenye barabara ya Beni na Kasindi. Miezi mitano deni likawa mara mbili. Siku moja mkopeshaji akaja na mtu wa tatu kuonyesha parsele, akisema ameinunua huyu. Mdogo wangu akashangaa, sijauza! Yule akatoa karatasi, na kweli imeandikwa "nimeuza", sahihi ni yake. Alidhani anasaini mkopo.

Ndani ya nusu saa vijana wa mtaa walikuwa wamefika, wengine na mapanga. Na mkopeshaji naye alikuwa na vijana wake. Hapo, ndugu zangu, ndipo vita vinapozaliwa. Watu wa mbali wanafikiri vita vyetu ni vya madini na wageni. Viko hivyo pia. Lakini nimehesabu mabaraza tuliyokaa, na mengi yalikuwa juu ya parsele, na nyuma ya parsele mara nyingi kulikuwa na deni.

Tulikaa siku mbili. Tulimwita mwanasheria mmoja atufafanulie, na alichosema nataka kila mmoja akishike. La kwanza: kwa sheria ya ardhi ya 1973, haki juu ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa cha serikali, na rehani ya nyumba inaandikwa kwa mtunza hati. Karatasi iliyoandikwa usiku kwenye meza ya baa haitoshi kuwa rehani. La pili: nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya dhamana hairuhusu mapatano yanayompa mkopeshaji nyumba ya kuishi moja kwa moja deni lisipolipwa. Lazima apite mahakamani na nyumba iuzwe kwa utaratibu, kinachobaki juu ya deni kirudi kwa mwenyewe. Ndiyo sababu wajanja hawaandiki rehani. Wanaandika mauzo, wakati mwingine mauzo yenye haki ya kukomboa, na siku za kukomboa zikipita unaambiwa nyumba si yako. La tatu: deni peke yake halimfungi mtu. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1976, unasema hivyo katika kifungu cha 11. Tangu utawala wa kijeshi uanze Mei 2021 nimesikia mara nyingi mtu akitishwa, "nitakupeleka kwa wanajeshi." Deni si kazi ya mwanajeshi.

Msidhani basi tulishinda. Karatasi ilikuwa na sahihi, na mahakama ingechukua miaka na franga ambazo hatuna. Mkopeshaji naye alikuwa na lake: pesa aliyokopesha haikuwa yake yote, alikuwa amekopa kwa mwingine, na watoto wake walikuwa wamefukuzwa shule. Hilo halikunifurahisha kulisikia, nilikuwa nimeshamfanya kuwa shetani. Tulikubaliana riba isimame, deni liwe dola 4,200, na mdogo wangu auze nusu ya parsele kwa bei ya kweli mbele ya mashahidi. Nusu ya parsele ilikwenda. Miti ya avokado ya baba iko upande ule wa pili. Mdogo wangu hanisalimu vizuri mpaka leo, anaona nilimuuza. Lakini hakuna panga lililonyanyuliwa.

Mwaka 2023 tulipiga kura, tarehe 20 Desemba, sisi wa Beni na Butembo. Safari hii waliobaki nje walikuwa ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru, kwa sababu ya vita vya M23. Niliwasikia watu hapa wakisema, "nao waonje." Nilisikitika sana, sisi ambao tulinawa mikono kwenye mstari ule. Januari 2025 Goma ilianguka, mabenki ya kule yakafunga milango, serikali ya mkoa ikahamia Beni. Waliokimbia wako katika nyumba zetu. Wengi walikimbia bila kisanduku. Na wale wenye kukopesha wamewaona, msifikiri hawajawaona. Mtu asiye na karatasi yoyote anaweka gaji nini? Anaweka simu, anaweka kitenge, nimesikia hata mtu aliyeweka siku za kazi za mtoto wake.

Kwa hiyo ombi langu kwenu vikundi vya akiba ni dogo. Nyinyi mnakopeshana kwa riba ya kadiri, mnajuana, na franga inabaki kwenu. Lakini nimeona vikundi viwili vilivyoanza kushika karte za wanachama kama gaji. Viko katika chumba hiki. Mzirudishe Jumamosi. Shikeni baiskeli, shikeni cherehani, shikeni neno la mashahidi wawili, lakini karte muirudishie mwenyewe. Na mtu wa Masisi akiomba kuingia katika kikundi, msimwambie angoje.

Yule mama muuza samaki alilipa deni lake baada ya miezi 14 na karte akairudisha kisandukuni. Parsele pia. Alifanyaje, mimi nimemsikia mara tatu na bado sielewi hesabu yake vizuri. Yuko pale nyuma, mwenye kitenge cha kijani. Mama, njoo mbele, uwaeleze mwenyewe.