Mkataba ulioandikwa kwenye udongo

Leo nitawapeleka mbali kidogo, hadi inchi ya Uturuki, karibu kilometa 150 mashariki ya Ankara. Pale kuna magofu ya Hattusa, uliokuwa mji mkuu wa Wahiti. Jina hilo wengi wenu mnalijua toka Biblia, kwa habari za Uria Mhiti.

Ukuta ulizunguka mji ule kwa zaidi ya kilometa 6, na kwenye mlango mmoja simba wa mawe wangali wanasimama hadi leo. Watalii hupenda kupiga picha wale simba. Mimi ni mwanasheria, napenda zaidi vibao vya udongo. Wahiti waliandika kwa kukandamiza kijiti katika udongo mbichi, na humo wakaweka sheria, barua, sala na mikataba. Mwaka 1906 Hugo Winckler na Theodor Makridi walianza kuchimba pale. Mwaka ule ule Winckler alishika kibao kimoja, akatambua maneno yake, maana alikwisha kuyajua kutoka Misri, ambako yamechongwa katika ukuta wa hekalu la Karnak. Ulikuwa ni mkataba mmoja kwa lugha mbili!

Habari yake ndiyo hii. Karibu mwaka 1274 kabla ya Kristo, Farao Ramesses wa Pili alipigana na Muwatalli, mfalme wa Hatti, huko Kadesh, katika Siria ya leo. Ramesses alichonga kwenye kuta zake kwamba ameshinda. Lakini Kadesh ilibaki mikononi mwa Wahiti. Kisha ikapita miaka kama 15 ya kuogopana. Karibu mwaka 1259, Hattusili, ndugu ya Muwatalli, alipatana na Ramesses. Waliahidiana kutoshambuliana, na kusaidiana adui mwingine akija. Nakala ya Misri inaanza kwa kusema kwamba wajumbe wa Hatti ndio walikuja kuomba amani. Kibao cha Hattusa hakina maneno hayo. Sioni ubaya: kila mkubwa alitaka kurudi kwa watu wake bila aibu, mradi masharti yawe yale yale.

Sasa tusikilize sharti linalohusu raia. Mtu akikimbia Hatti na kuingia Misri, atarudishwa kwao. Na wa Misri vivyo hivyo. Lakini je, akifika nyumbani, atafanywa nini? Mkataba unajibu waziwazi. Kosa lake lisihesabiwe tena. Nyumba yake isiangamizwe, wala wake zake, wala watoto wake. Yeye mwenyewe asiuawe. Macho yake, masikio yake, kinywa chake na miguu yake visidhuriwe.

Wandugu, angalieni jinsi walivyohesabu kiungo kwa kiungo. Aliyeandika vile alijua adhabu ambazo watu waliorudi walikuwa wanapata. Hakutosheka na neno tamu la kusameheana, kwa sababu neno hilo kila mkubwa analifasiri apendavyo. Jicho ni jicho, nyumba ni nyumba. Mtu aliyekimbia vita, akiuliza kama anaweza kurudi, anauliza juu ya vitu hivyo hivyo.

Kitu kimoja nakikataa: mkimbizi yule hakuulizwa kama anataka kurudi. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Inchi za Afrika, wa mwaka 1969, unasema kwamba mkimbizi asirudishwe bila hiari yake, na tena anayerudi asiadhibiwe kwa sababu alikimbia. Hapo sehemu ya pili inakutana na udongo wa Hattusa. Ile ya kwanza imechukua zaidi ya miaka 3,000 kuandikwa.

Wala tusiwafanye wafalme hawa kuwa malaika. Hattusili alikuwa amemnyang'anya mtoto wa ndugu yake kiti cha ufalme, na ndani ya mkataba Misri inaahidi kumsaidia mwana wa Hattusili kurithi kiti hicho. Kila mmoja alikuwa na faida yake. Hata hivyo raia walipata humo mistari yao, tena mistari ya wazi.

Mkataba wenyewe uliandikwa kwenye bamba la fedha, miungu elfu ya kila upande ikaitwa kuwa mashahidi. Juu ya fedha ile kulikuwa na mhuri wa mfalme, na pia mhuri wa mke wake, malkia Puduhepa. Mama huyo alikuwa akiandikiana barua na Ramesses mwenyewe, na baadaye binti ya mfalme wa Hatti aliolewa na Farao. Bamba la fedha halijaonekana tena. Udongo ndio uliobaki. Uturuki ilitoa nakala yake kubwa kwa Umoja wa Mataifa mwaka 1970, nayo iko New York.

Hatti na Misri hawakupigana tena, hadi Hattusa yenyewe ilipoachwa, karibu mwaka 1180 kabla ya Kristo.